Kaboni ya udongoni: Faida ya kwanza ni ya shamba, si ya soko

MKULIMA anayerudisha samadi na mabua katika shamba lake hufanya mambo mawili kwa mpigo. Huulisha udongo ambao utamlisha msimu ujao, na huzuia sehemu ya kaboni isirudi hewani kuongeza joto la dunia. Jambo hilo la pili ndilo ambalo katika miaka ya karibuni limewaleta vijijini mawakala wa miradi ya kaboni, wakiwa na fomu za kutiwa saini na ahadi za malipo.

Je, udongo wa shamba dogo la Kenya unaweza kuhifadhi kaboni kiasi gani? Ni mbinu zipi za kilimo zinazopunguza gesi chafu kwa kweli? Na mkulima atarajie nini kutoka kwa soko la kaboni? Majibu ya maswali haya yamekuwa yakikusanywa kwa miaka mingi Kabete, Siaya, Mwea na Bungoma. Kwa jumla yanaonyesha kwamba malipo makubwa ya kaboni ya udongoni humfikia mkulima kwa njia ya mavuno, malisho na maji, na kwamba fedha za soko ni nyongeza ndogo.

KABONI HUINGIAJE UDONGONI?

Mmea huvuta hewa ya kaboni kupitia majani yake, na kwa nguvu za jua huigeuza kuwa chakula cha kujengea shina, mizizi na mbegu. Mmea unapokufa, au mnyama anapoula na kutoa kinyesi, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huyaozesha mabaki hayo. Sehemu kubwa ya kaboni hurudi angani viumbe hivyo vinapopumua. Sehemu ndogo hubaki udongoni ikiwa mboji, ile rangi nyeusi inayoutofautisha udongo wa msituni na udongo wa shamba lililochoka. Baadhi ya mboji hiyo hunata kwenye chembechembe za mfinyanzi na huweza kudumu kwa miongo mingi.

Wataalamu wanakadiria kwamba mita moja ya juu ya udongo kote duniani ina takriban tani bilioni 1,500 za kaboni iliyotokana na viumbe. Kiasi hicho kinazidi kaboni yote iliyo angani ikijumlishwa na ile iliyo katika mimea. Ndiyo maana badiliko dogo katika udongo, likitokea katika mamilioni ya mashamba, huwa na uzito mkubwa.

Hesabu ya ekari moja hulifafanua jambo hili. Udongo wa ekari moja, hadi kina cha sentimita 30, huwa na uzito wa tani zipatazo 1,450. Ukiwa na asilimia 2 ya kaboni, una tani 29. Ukishuka hadi asilimia 1, ekari hiyo imepoteza takriban tani 14 na nusu. Kila tani ya kaboni ikiungana na oksijeni hufanya tani 3.67 za hewa ya kaboni. Kwa hivyo, iwapo mboji hiyo yote imeozea shambani, ekari moja imepeleka angani zaidi ya tani 50.

Hasara haiishii angani. Udongo uliopungukiwa na mboji hushika maji machache, hufanya ganda gumu baada ya mvua na huacha mbolea ya dukani isombwe kabla mizizi haijaifikia. Mkulima huongeza mbolea mwaka baada ya mwaka, ilhali magunia hayaongezeki.

GESI TATU ZA SHAMBANI

Kilimo ndicho kinachochangia sehemu kubwa zaidi ya gesi chafu zinazotoka Kenya, ingawa mchango wa nchi yenyewe kwa jumla ya dunia ni mdogo mno. Gesi zinazohusika ni tatu.

Ya kwanza ni hewa ya kaboni, itokayo kwenye mboji inayooza, misitu inayofyekwa, mabaki yanayochomwa na dizeli ya trekta. Ya pili ni methani. Hii hutoka tumboni mwa ng'ombe, mbuzi na kondoo wanapocheua, katika samadi iliyolowa bila kupata hewa, na katika mashamba ya mpunga yaliyofurika maji. Tani moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani moja ya hewa ya kaboni, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 100. Ya tatu ni oksidi ya nitrasi, itokayo pale nitrojeni ya mbolea au ya samadi inapozidi mahitaji ya mimea. Nguvu yake ni takriban mara 270 ya hewa ya kaboni.

Nchini Kenya, mifugo ndiyo inayotoa sehemu kubwa zaidi ya gesi za kilimo. Mjadala wa udongo pekee, bila kumtaja ng'ombe, hauwezi kukamilika.

MBINU ZINAZOFAA

Kurudisha mabaki. Mabua, maganda ya maharagwe na magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu yakitandazwa shambani huzuia jua lisikaushe udongo na matone ya mvua yasiuvunje. Yakichomwa, kaboni yake hupaa siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba katika boma nyingi za Magharibi na Nyanza mabua ni chakula cha ng'ombe na wakati mwingine kuni za jikoni. Kumwambia mkulima ayaache shambani bila kumtafutia malisho mengine ni kumtaka achague kati ya udongo na maziwa.

Malisho kandokando. Njia ya kuutatua mgogoro huo ni kupanda nepia, brakiaria au kaliandra kwenye kingo za makinga maji na mipaka ya shamba. Ng'ombe hupata lishe, mizizi huzuia mmomonyoko, na sehemu ya mabua hubaki shambani. Wakulima wengi wa Magharibi tayari wanaijua mbinu ya tumbukiza, ambapo nepia hupandwa katika mashimo mapana yaliyojazwa udongo na samadi ili istahimili kiangazi.

Samadi iliyotunzwa. Samadi inayoachwa wazi juani na mvuani hupoteza nitrojeni yake kabla ya kufika shambani. Ikirundikwa kivulini, ikafunikwa na kugeuzwa ili ipate hewa, hutoa methani kidogo na kubaki na rutuba nyingi. Anayeweza kugharimia mtambo wa gesi ya kinyesi hupata moto wa kupikia, na mabaki ya mtambo humwagwa shambani. Ni sharti mtambo huo usivuje, kwani gesi ya kupikia inayotoka humo ni methani yenyewe.

Izingatiwe pia kwamba samadi iliyotolewa shamba moja na kupelekwa jingine haiongezi kaboni duniani, huihamisha tu. Faida halisi hutokea mimea inapozidi kuwa mingi na mizizi inapozidi kwenda chini.

Mimea jamii ya kunde. Maharagwe, kunde, mbaazi, njahi na desmodiamu huvuta nitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria walio mizizini, hivyo hupunguza haja ya mbolea ya dukani. Mbinu ya kupanda desmodiamu katikati ya mahindi na nyasi ya nepia au brakiaria pembezoni ilibuniwa katika miaka ya tisini na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Wadudu, ICIPE, pamoja na washirika wake. Lengo lilikuwa kumfukuza nondo anayetoboa mabua na kulidhibiti gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Hata hivyo, desmodiamu hufunika udongo mwaka mzima na ni lishe ya ng'ombe, kwa hivyo mbinu iliyotafutwa kwa ajili ya wadudu imekuwa pia mbinu ya kutunza udongo.

Miti shambani. Grevilia mipakani, kaliandra na sesbania kati ya mimea, au miembe na miparachichi karibu na nyumba, zote huweka kaboni katika shina na mizizi. Kaboni ya mti hupimika kwa urahisi kuliko ya udongo, na huongezeka haraka zaidi. Mti ukikatwa na kuchomwa makaa, akiba hiyo huisha.

Makinga maji. Ukambani una historia ndefu ya fanya juu, ambapo mtaro huchimbwa na udongo wake kutupwa upande wa juu wa mteremko hadi ngazi zinajitengeneza. Machakos ya miaka ya thelathini ilielezwa na maafisa wa kikoloni kuwa nchi inayogeuka jangwa. Kufikia miaka ya tisini watafiti walikuta idadi ya watu imeongezeka mara kadhaa huku mmomonyoko ukiwa umepungua. Udongo wa juu ndio wenye mboji nyingi zaidi, hivyo kuuzuia usichukuliwe na mafuriko ni kuilinda kaboni iliyopo.

Kupunguza kulima. Katika kilimo hifadhi, mkulima hupasua mstari wa kupandia tu badala ya kugeuza shamba zima. Wakulima wakubwa wa ngano wa Timau na Laikipia wameutumia mtindo huu kwa miaka mingi, na huokoa mafuta, muda na unyevu. Kwa upande wa kaboni, utafiti wa nchi mbalimbali unaonyesha kwamba kutolima pekee mara nyingi huikusanya kaboni karibu na uso wa udongo bila kuongeza sana jumla yake. Nguvu yake huonekana inapoandamana na matandazo na ubadilishaji wa mimea. Mkulima mdogo anapaswa pia kujiandaa kwa magugu, ambayo humlazimu kununua dawa au kuongeza siku za palizi.

Mpunga bila mafuriko ya kudumu. Katika mradi wa Mwea, kaunti ya Kirinyaga, mfumo wa kupanda miche michanga kwa nafasi pana na kulowesha shamba kwa zamu ulianza kufanyiwa majaribio mwaka wa 2009. Maji yakiondolewa kwa siku chache, oksijeni huingia udongoni na bakteria watengenezao methani hupungua. Mkulima huokoa maji, jambo ambalo kwa Mwea, ambako zamu za mifereji huleta mivutano kila msimu, lina uzito kuliko hesabu yoyote ya gesi.

Mbolea kwa kipimo. Kupima udongo kabla ya kununua mbolea, kuweka chokaa pale penye asidi, na kuigawa mbolea ya kukuzia mara mbili badala ya kuimwaga yote kwa siku moja, huongeza sehemu inayotumiwa na mmea na kupunguza oksidi ya nitrasi. Hii haina maana kwamba mkulima aache mbolea. Shamba lisilolishwa hutoa mabua membamba na mizizi mifupi, na penye mizizi mifupi hapana kaboni ya kuhifadhi.

Ng'ombe wachache wenye maziwa mengi. Ng'ombe mmoja anayetoa lita 15 kwa siku hula zaidi na kucheua zaidi kuliko anayetoa lita 5, lakini methani kwa kila lita huwa ndogo mno akilinganishwa na watatu wa lita 5 kila mmoja. Lishe bora, maji ya kutosha na matibabu ya mapema ni njia za kupunguza gesi ambazo humlipa mfugaji bila kungojea soko lolote.

MAJARIBIO YASEMAVYO

Katika maabara ya kitaifa ya kilimo huko Kabete, jaribio la mahindi na maharagwe lililoanza mwaka wa 1976 limewapa watafiti nafasi adimu ya kufuatilia udongo ule ule kwa miongo kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1999 yalionyesha kwamba vipande vilivyopata samadi, mabua na mbolea ya dukani kwa pamoja vilihifadhi kaboni nyingi kuliko vingine. Hata hivyo, kaboni ilipungua hata katika vipande hivyo. Tofauti ilikuwa katika kasi ya kupungua.

Kituo cha Kimataifa cha Kilimo cha Tropiki, CIAT, kilianzisha majaribio mawili ya muda mrefu Siaya mwaka wa 2003, moja la kilimo hifadhi na jingine la kuchanganya samadi, mabua na mbolea. Ripoti iliyotolewa mwaka wa 2018 ilifikia hitimisho linalofanana na la Kabete: mbinu hizo zilipunguza upotevu wa kaboni, lakini hazikuongeza kaboni kupita kiwango cha mwanzo. Joto na mvua za eneo hilo huvifanya viumbe vya udongoni kuozesha mboji kwa kasi, na mahindi pekee hayatoi mabaki ya kutosha kuijaza pengo.

Matokeo haya hayapaswi kuwavunja moyo wakulima. Kupunguza upotevu ni faida ya kweli: shamba linalopoteza nusu ya kile ambacho lingepoteza limeinusuru hewa na limebaki na rutuba zaidi. Isitoshe, shamba lililochoka kabisa lina nafasi kubwa ya kupanda kuliko lile lililotoka msituni juzi. Lakini matokeo hayo yanamtaka kila anayeuza habari ya udongo kuwa ghala la kaboni aseme waziwazi: ni kaboni iliyoongezwa, au ni kaboni iliyozuiwa isipotee?

BIASHARA YA KABONI

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuijaribu biashara hii. Mwaka wa 2010, shirika la Uswidi, Vi Agroforestry, na Benki ya Dunia zilitia saini mkataba wa kuuza kaboni kutokana na mashamba madogo ya Magharibi na Nyanza. Mradi ulilenga wakulima wapatao 60,000 katika hekta 45,000. Mnamo Januari 2014 ulitoa vyeti vya kwanza vya kaboni chini ya utaratibu wa kimataifa uliotayarishwa kwa ajili ya kilimo cha aina hiyo, vikiwakilisha tani 24,788 za hewa ya kaboni.

Kuchimba udongo katika kila shamba dogo na kuupima maabara kungegharimu kuliko kaboni yenyewe. Kwa hivyo utaratibu huo uliandikisha mbinu zinazotumiwa na wakulima, kisha ukakadiria kaboni kwa programu ya kompyuta iliyotokana na majaribio ya Rothamsted, kituo cha Uingereza. Njia hii ni nafuu, lakini inategemea makadirio, ndiyo maana majaribio ya shambani kama ya Siaya yana umuhimu.

Fedha nazo zina hesabu yake. Tuseme mkulima wa ekari mbili, kwa udongo na miti yake, amehesabiwa tani moja ya hewa ya kaboni kwa mwaka, na tani hiyo ikauzwa kwa dola 10. Kabla ya senti kumfikia, kuna mkaguzi, msajili wa vyeti, mwendeshaji wa mradi na maafisa wa nyanjani. Zikibaki dola 5, hizo hazinunui hata mfuko wa kilo 50 wa mbolea. Gunia moja la ziada la mahindi kutokana na udongo bora linazizidi kwa mbali. Miradi iliyofaulu kuwaweka wakulima pamoja ni ile iliyowapa mafunzo, miche na vyama vya akiba, si ile iliyowaahidi hundi.

Katika nyanda za malisho hali imekuwa nzito zaidi. Mradi mkubwa wa kaboni ya udongo wa Kaskazini mwa Kenya, unaotegemea malisho ya zamu katika hifadhi za jamii, ulichunguzwa upya na shirika la kutoa vyeti mwaka wa 2023 baada ya malalamiko. Mnamo Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili zilianzishwa bila kuzingatia sheria, ukiwemo ushirikishaji wa umma. Swali lililofika mahakamani halikuwa kiasi cha kaboni iliyo ardhini. Lilikuwa la nani mwenye ardhi, na nani alikubali.

SHERIA NA TAHADHARI

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilirekebishwa mwaka wa 2023, na kanuni za masoko ya kaboni zikafuata mwaka wa 2024. Kwa miradi ya ardhi inayoendeshwa katika ardhi ya umma na ya jamii, sheria inadai kuwepo kwa makubaliano ya maendeleo na jamii, na jamii hiyo ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya gharama za uendeshaji kuondolewa. Mwenye shamba la kibinafsi hutegemea zaidi maneno ya mkataba anaoutia saini mwenyewe. Kwa sababu hiyo, maswali yafuatayo yaulizwe kabla ya kalamu kushikwa:

Mkataba ni wa miaka mingapi, na unamfunga nani shamba likirithiwa au kuuzwa? Ni mbinu gani mkulima atalazimika kuzifuata, na je, ataruhusiwa kukata mti, kubadilisha zao au kulisha mabua yake? Malipo ni kiasi gani kwa tani, yatalipwa lini, na gharama zipi zitakatwa kwanza? Ukame au moto ukiharibu akiba, nani atabeba hasara? Mkataba uko katika lugha anayoielewa, na nakala atabaki nayo?

Kumbukumbu nazo zitunzwe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kaboni ni mali isiyoonekana. Daftari lenye tarehe za kupanda, kiasi cha samadi, idadi ya miti na magunia ya kila msimu humsaidia mkulima hata kama hatajiunga na mradi wowote.

Kwa anayeanza, si lazima kugeuza shamba zima kwa mwaka mmoja. Udongo upimwe kwanza. Robo ekari itengwe, iwekewe samadi iliyofunikwa, matandazo na mahindi yaliyochanganywa na jamii ya kunde, huku nepia au brakiaria ikipandwa kwenye kingo ili ng'ombe wasidai mabua. Baada ya misimu mitatu au minne, mkulima ailinganishe na sehemu iliyobaki: rangi ya udongo, unyevu wiki mbili baada ya mvua kukatika, na idadi ya magunia. Vipimo hivyo havihitaji maabara wala wakala.